Siku Ndege Zote Ziliposhuka

Mmeniomba, nyinyi watatu mliochukua kazi yangu uwanjani, niwaandikie yale yasiyokuwemo kwenye kanuni zilizobandikwa ukutani. Kanuni mnazijua. Niliwasikia mkizisoma kwa sauti wiki yenu ya kwanza, kama watoto wa madrasa. Yaliyosalia ni mambo ya watu, na hayo hayabandikiki. Nitayaeleza kama yalivyonijia, moja baada ya jingine. Mwenye haraka ataruka mpaka mahali penye ndege ya kweli. Nawajua.

Kwetu ni Vitengeni, ila niliolewa Kibarani, hapa Kilifi mjini, na hapa ndipo ninapoandikia. Kabla ya klabu nilikuwa refa wa kandanda. Nilichezesha mashindano ya vijiji vya Ganze, wanaume peke yao, na zaidi ya mara moja nilisindikizwa nyumbani na wazee kwa sababu ya penalti. Siku moja mwenyekiti wa klabu ya ndege za mfano alikuwa miongoni mwa watazamaji. Aliniona nikimtoa nje nahodha wa timu ya nyumbani, huku mamake nahodha akinitukana kutoka kando ya uwanja. Mchezo ulipokwisha alinifuata akaniuliza kama najua lolote kuhusu ndege.

"Najua hupita juu," nikamwambia.

"Yatosha. Mengine utafundishwa. Kupuliza filimbi na kutorudi nyuma ndiko kusikofundishika."

Kwa atakayesoma haya bila kutujua: wanachama wetu hujenga ndege ndogo, nyingine za urefu wa mkono, nyingine mabawa yake yapita kimo cha mtu, na huzirusha kwa rimoti wakiwa wamesimama chini. Kiwanja chetu ni njia ya ndege ya shamba la zamani la mkonge, kati ya Kilifi na Malindi. Shamba lilikufa, mkonge ukabaki ukijiotea, na njia yenyewe klabu huifyeka. Watu hudhani ni mchezo wa watoto. Lakini ndege ya injini ya petroli, yenye uzito wa mbuzi mchanga, ikija kwa kasi ya pikipiki, haiulizi aliye mbele yake ana umri gani.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mzee Salim Bakari, mtu wa Malindi, aliyekuwa msimamizi wa usalama kabla yangu. Maisha yake yote alikuwa zimamoto kwenye kiwanja cha ndege, na alipenda kusema kwamba zimamoto hodari ni yule ambaye mpira wake wa maji haujapata kulowa. Nilimkuta kwenye kibanda cha vifaa, anafuta mafuta mikononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye refa?"

"Ndimi."

"Na hiyo leso, ni ya refa pia?"

Nilikuwa nimejifunga leso juu ya suruali, kama nilivyozoea nikitoka nyumbani. Mzee Salim hakuniambia niivue. Alichukua kitambaa kikuukuu, akaniita kwenye benchi palipofungwa injini ya majaribio, akaiwasha, akanionya nisimame nyuma yake. Kisha kwa kijiti kirefu akakisogeza kile kitambaa, ncha tu, kwenye propela. Sikukiona kikienda. Nilisikia mlio kama wa kofi, halafu vipande vikaanza kunyesha juu ya vichwa vyetu.

"Leso na propela hazikai nyumba moja," akasema akizima injini. "Wala mkono wa shati uliolegea, wala kamba ya kofia. Wala udadisi. Zaidi huo udadisi."

Niliivua leso, nikaikunja, nikaitia mkobani. Hivyo ndivyo alivyofundisha. Hakuwa mtu wa kuhutubu. Alinionyesha kwamba husimami mbele ya propela wala ubavuni mwake, unasimama nyuma. Kwamba ndege ishikwe au ifungwe kabla injini haijawashwa. Na kwamba mtu anayesema "hii ni ndogo tu" ndiye wa kuangaliwa kwa macho mawili.

Siku hizo rimoti zilikuwa za mtindo wa zamani. Kila moja ilikuwa na namba ya masafa yake, na rimoti mbili zenye namba moja zikiwashwa pamoja, ndege iliyo juu hupagawa. Basi tulikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo vilivyoandikwa namba. Ukitaka kuwasha rimoti, wachukua kibanio cha namba yako, ukakibana kwenye antena. Usipokikuta, kuna mwenzako anayekitumia, ungoje. Teknolojia ya kufulia nguo, naam, lakini iliokoa ndege nyingi kuliko dua.

Mwanachama mmoja, mtu mstaarabu kabisa, aliwasha rimoti yake ndani ya gari ili kupima betri tu. Kibanio hakuchukua. Juu kulikuwa na ndege ya mwalimu mmoja wa Kaloleni. Ilijipindua, ikazunguka kama inzi aliyepigwa dawa, ikaanguka katikati ya magari, hatua chache kutoka kwa mama aliyekuwa akimimina chai ya chupa. Chai ilimwagika, mama yule alibaki ameshika kikombe kitupu.

Nilidhani Mzee Salim atafoka. Hakufoka. Alikwenda kwa mwalimu, akakitoa kibanio kwenye antena yake, akampa yule bwana mkononi. Halafu akamletea kiti, akamkalisha kando ya yule mama.

"Mwalimu, okota ndege yako. Na wewe, bwana, kunywa chai na mama hapa. Mpaka chupa iishe."

Waliinywa. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba bwana yule, tangu siku hiyo, alikuwa akiugusa ule ubao kabla ya kumsalimu mtu yeyote.

Baadaye zilikuja rimoti mpya zisizogongana, na vibanio vikarudi kwenye kazi yake halali. Nyinyi hamkuvikuta. Mlichokikuta ni ndege za betri, na mmeona wenyewe betri iliyovimba inavyoweza kugeuka tanuri. Tulikuwa na mmoja aliyeiacha yake ikichajiwa ndani ya buti la gari, yeye akaenda kutazama wenzake. Moshi ulipotoka, gari lilisukumwa hadi mahali peupe, na ndoo za mchanga zikafanya kazi iliyobaki. Ndiyo sababu ya ndoo zile mlizoniuliza mbona hatupandi maua ndani yake.

Mzee Salim aliondoka magoti yalipomshinda. Hatukufanya sherehe, hakutaka. Alinikabidhi filimbi ya akiba na desturi zake mbili. Ya kwanza, kila asubuhi ya kurusha tuwapigie simu watu wa kiwanja cha ndege, tuwaambie tuko juu na hatutapita kimo kilichokubaliwa. Ya pili, awepo mtu mmoja ambaye hatazami ndege zetu kabisa, kazi yake kutazama anga. Ile simu nilikuwa naiona kama adabu za kizee. Huko upande wa pili walikuwa wakijibu, "Sawa mama, shukrani," basi. Lakini niliipiga, kwa sababu aliniambia niipige.

Sasa nifike kwa Bwana Njoroge, maana bila yeye nisingekuwa na cha kuandika.

Alikuwa amekuja kutoka bara, akafungua duka la vifaa vya ujenzi Kilifi, na akapenda ndege kama wengine wanavyopenda mpira. Alijenga ndege kubwa ya manjano, ya petroli, kwenye meza ya kulia nyumbani kwake. Misimu miwili ya mvua familia yake ilikula sahani zikiwa mapajani. Mkewe, Mama Wanjiru, ndiye aliyeyavisha mabawa ile karatasi laini ya plastiki inayoshikishwa kwa pasi. Alikuwa na mkono mtulivu; hakukuwa na kunyanzi hata moja. Mumewe alikuwa akiwaonyesha watu yale mabawa kabla ya kuwaonyesha injini.

Alirusha vizuri, na hapo ndipo penye shida. Anayerusha vibaya huogopa. Njoroge akipata watazamaji, ndege yake ilianza kuvuka mstari unaotenga njia na watu: inapita juu ya magari, inainama juu ya hema la chakula, watu wanapiga makofi. Jumamosi moja nilimpulizia filimbi, akajifanya hasikii. Nikampulizia tena. Alipotua, nilimwambia asirushe mpaka kamati ikae.

"Mama, lakini hakuna mtu ameumia."

"Ndiyo maana naweza kuzungumza nawe kwa upole."

"Hii ndege mimi naijua kama mkono wangu. Wewe ulikuwa refa wa mpira wa mashambani, usiniambie vile ndege inaruka."

"Sikuambii inavyoruka. Nakuambia inakopita. Na huko mashambani pia, waliosema kama wewe walitoka nje."

Kamati ilimsimamisha kwa majuma kadhaa. Nilitarajia ajitoe, watu wa aina yake hujitoa, wakaenda kufungua klabu yao. Yeye alikuja kila Jumamosi, akaketi nyuma ya kamba ya watazamaji pamoja na mkewe, hanisemeshi. Mama Wanjiru aliniletea njugu zilizofungwa karatasini, kwa mkono wa mtu mwingine. Zilikuwa za kukaangwa vizuri, nami nilizila. Adhabu ilipokwisha, Njoroge alirudi akarusha ndani ya mstari, kwa ukali wa mtu anayetaka aonekane akitii. Hatukuwa marafiki. Tuliamkiana, kila mtu akashika lake.

Halafu ikaja siku ya maonyesho.

Tulikuwa na umati: familia, wanafunzi wa shule mbili, kwaya iliyotoka kuimba mahali fulani ikapitia kwetu na sare zake. Watu wote upande wa kamba, mkonge upande wa pili, njia ya ndege katikati. Ndege nne zilikuwa juu, ya Njoroge mojawapo. Kahindi, ambaye sasa ni mmoja wenu, ndiye aliyekuwa mtazama anga, na najua alikuwa akinung'unika kwamba amepewa kazi ya kuangalia mawingu wakati wenzake wanaangalia mchezo.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Alikuwa yule bwana wa kiwanja cha ndege niliyekuwa nikimpigia kila asubuhi ya kurusha.

"Mama, bado mnarusha?"

"Twarusha, na watu wamejaa."

"Kuna ndege ndogo inakuja kwenu. Injini imekufa. Hawezi kutufikia, anaitaka hiyo njia yenu ya mkonge."

"Ndani kuna watu wangapi?"

"Rubani na abiria wawili. Mama, yuko karibu. Nakuachia."

Ile filimbi nilivyoipuliza, kwaya yote iligeuka. Milio mitatu mirefu: wote tueni, ondokeni njiani. Nikapiga kelele kuna ndege ya kweli yaja. Kahindi alikuwa tayari amenyoosha mkono upande wa bahari.

"Ile pale, mama. Haina sauti."

Ndiyo. Hicho ndicho nilichokiota kwa muda mrefu baadaye. Ndege yenye matatizo tunaiwazia ina kelele. Hii ilikuja kimya, nyeupe, pua chini, inakua tu machoni.

Wanachama watatu walitua mfululizo. Mmoja aliitupa yake majanini, gurudumu likakatika, akaikumbatia na kukimbia nayo bila kutazama nyuma. Sijawahi kuwapenda watu wale kama dakika ile. Lakini ya Njoroge ilikuwa mwisho wa njia, kule kule inakotokea ndege ya kweli, na upepo ulikuwa ukiisukuma. Nilikimbia mpaka ubavuni mwake.

"Bwana Njoroge, iangushe."

"Nipe kidogo, naizungusha, naileta chini."

"Ukiileta itakuwa katikati ya njia rubani akigusa ardhi. Ukiiacha iko mbele ya uso wake. Iangushe mkongeni."

"Mama..."

Hakuwa akibishana. Hilo nataka mlielewe. Sauti yake haikuwa ile ya siku ya ugomvi. Alikuwa kama mtu anayeomba aambiwe kuna njia nyingine. Vidole gumba vilikuwa juu ya rimoti, na haviendi. Filimbi haikuwa na kazi tena. Kumpokonya rimoti sikuweza, maana ndege iliyopokonywa mkononi haina mwenyewe, na inaweza kuangukia popote, hata juu ya wanafunzi. Nikasimama pale, mkono wangu begani mwake.

Nyuma ya kamba ikatoka sauti ya mwanamke, kubwa, kavu, iliyovuka kwaya na wanafunzi na wote.

"Baba Wanjiru! Angusha! Nitapiga pasi tena!"

Vidole vikasogea. Ile ya manjano ikalala ubavu, ikageuza mgongo, ikaingia mkongeni pua mbele. Nilisikia mlio wa mbao zikivunjika. Sikupata wakati wa kutazama, kwa sababu kivuli cha nyingine kilikuwa kimeshatufikia. Ilipita chini sana, tukasikia upepo ukipiga mluzi kwenye mabawa yake. Ikagusa, ikaruka, ikagusa tena, ikakimbia njia nzima mbele yetu na kwenda kusimama kwenye vichaka vya mwisho katikati ya vumbi.

Watu wakataka kuivuka kamba. Simu zote zilikuwa juu. Niliwageukia na nadhani nilitumia maneno niliyofundishwa na mamake yule nahodha, wakatulia. Mimi na Kahindi na wengine wawili tukakimbia na vizima moto. Hakukuwa na moto. Hakukuwa na moshi. Mlango ukafunguka, akashuka rubani, kijana wa shati jeupe lililoloa kama katoka kuogelea. Nyuma yake mwanamke, na nyuma ya mwanamke mzee mmoja wa kanzu, ambaye tulimshika mikono miwili.

"Hapa ni wapi?" mzee akauliza.

"Ni Kilifi, baba. Karibu."

"Alhamdulillahi. Nilidhani tumeshafika kule kwingine."

Yule mwanamke, mkwewe, alianza kucheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili. Hakuna aliyeumia. Si wa juu, si wa chini. Nilimpa Kahindi kizima moto changu, nikaketi chini majanini. Nikatoa simu nikampigia Mzee Salim.

Nilimweleza vipande vipande, nalia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuna aliyeumia?"

"La, mzee."

"Kuna kilichowaka?"

"La."

"Basi mwanangu, mbona walia?" Nikamsikia naye akipenga makamasi. "Ulipiga simu ile ya asubuhi?"

"Nilipiga."

"Vyema," akasema. "Vyema sana."

Nilipoinuka, rubani alikuwa amefika kwa Njoroge, ambaye alikuwa ametoka mkongeni, mikono imechanwa na miiba, amebeba nusu ya bawa la manjano.

"Kaka, niliona kitu mbele yangu, halafu hakipo," rubani akamwambia. "Kilikuwa nini?"

Njoroge akaliangalia lile bawa. "Ilikuwa ndege," akasema. "Kama yako tu."

Kijana yule alielewa. Alimkumbatia pale pale, bawa likiwa katikati yao, mpaka likavunjika tena. Mama Wanjiru akaja akalichukua, akalipapasa pale penye mpasuko kama fundi anayekagua nguo. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Refa, wewe utakuwa shahidi. Hii ya pili itajengwa nje. Meza yangu sitoi."

Aliitoa, bila shaka. Ilichukua msimu mmoja tu safari hii, kwa sababu nusu ya klabu ilikuwa ikienda pale jioni kusaidia, na wote walikula sahani zikiwa mapajani. Njoroge alichaguliwa kwenye kamati ya usalama, na akawa mkali kiasi kwamba nililazimika kumpunguza makali. Mnamjua. Mkiona anawasumbua kuhusu mstari, mwacheni awasumbue.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kawaida, na namshukuru Mungu kwa kila siku yake ya kawaida. Mbuzi waliingia njiani, wakatolewa. Vijana walikuja na droni wakitaka kupiga picha za harusi juu ya vichwa vya wageni, tukawaelewesha, baadhi wakaelewa. Siku yangu ya mwisho haikuwa na lolote. Ndege zilipanda, ndege zilishuka. Nilifunga kibanda, nikampa Kahindi ufunguo, nikapanda boda nikaenda nyumbani.

Mtaniuliza kama nina hamu ya kurudi. Hamu yenu ninayo. Ya uwanja, bado. Kwa muda wote ule sikuweza kusikia mngurumo angani nisiinue kichwa: kanisani, mazishini, hata siku binti yangu alipokuwa akivishwa pete, mimi natafuta bawa mawinguni. Mwili ulikuwa zamu wakati wote. Sikujua ulivyochoka mpaka Jumamosi iliyopita. Nilikuwa uani nakuna nazi ya wali, jirani ananisimulia habari ndefu ya shemeji yake. Akakatiza hadithi akatazama juu.

"Loo, hii ndege leo imepita chini," akasema.

"Ndege gani?" nikamuuliza.